Mvutano wa Bakteria na Bakteriofaji katika Utumbo wa Binadamu: Mfano wa Wahadzabe wa Bonde la Eyasi na Watoto wa Haydom

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Wairaqw wanaolima, Wabarabaig wanaofuga na Wahadzabe wa Yaeda Chini wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini hukaa jirani. Tofauti hizo za maisha huonekana pia ndani ya utumbo, ambako mabilioni ya bakteria huishi pamoja na virusi vinavyowashambulia, yaani bakteriofaji.

Bakteriofaji walielezwa na Frederick Twort mwaka 1915, kisha na Félix d'Hérelle mwaka 1917, ambaye aliwapata katika kinyesi cha wagonjwa wa kuhara damu. Kirusi hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya seli na kuingiza jeni zake ndani. Baadhi huzaliana papo hapo na kuipasua seli. Wengine hujipachika katika jenomu ya bakteria na kurithishwa kimyakimya. Njia hii ya pili si ya amani kama inavyodhaniwa: sumu ya kipindupindu, kama ilivyothibitishwa mwaka 1996, hutokana na jeni zilizoletwa na kirusi cha namna hiyo.

Bakteria nao hawakai bure. Mwaka 1943 Luria na Delbrück walionesha kuwa bakteria sugu huwapo hata kabla ya kukutana na kirusi. Kirusi huwateua tu. Wengine hutumia mfumo wa CRISPR, unaohifadhi vipande vya jeni za virusi vilivyowahi kuwashambulia. Kwa mtafiti, vipande hivyo ni mfano wa daftari la mashambulizi, kwani humwezesha kukisia kirusi fulani ni cha bakteria gani.

Utafiti kuhusu Wahadzabe uliochapishwa mwaka 2017 ulibaini kuwa bakteria wa jamii ya Prevotellaceae hupungua sana wakati wa mvua, ambapo asali na matunda ya porini huliwa kwa wingi, na kurejea kiangazi. Maelezo ya chakula yana nguvu, lakini peke yake hayatoshi. Bakteria anapopungua, kirusi kinachomtegemea hukosa makazi, isipokuwa kimejificha katika jenomu yake au kimebaki katika seli chache. Anaporejea kwa wingi, huwa windo rahisi, na aina zake zilizo sugu hupata nafasi. Hivyo kila mwaka huenda msimu ukachochea duru mpya ya uteuzi asilia, jambo linalohitaji kupimwa kwa kuhesabu bakteria na virusi katika sampuli zilezile.

Mwaka 2023 uchunguzi wa kina wa sampuli 351 za kinyesi cha Wahadzabe, pamoja na jamii za Nepal na California, ulitoa jenomu 91,662 za viumbe, bakteriofaji wakiwamo. Asilimia 44 hazikuwamo katika hazina za awali, na spishi 124 zilionekana kutoweka katika jamii za viwanda. Spishi inapotoweka, virusi visivyoweza kuishi kwingine hutoweka nayo.

Hapo ndipo suala la dawa linapoingia. Huko Haydom, penye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1955, jaribio la ELICIT liliandikisha watoto 1,188. Waliopangiwa azithromaisini walipewa dozi moja wakiwa na miezi 6, 9, 12 na 15. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonesha nafuu ya urefu katika miezi 18. Kipimo kikuu kilikuwa urefu. Athari kwa bakteriofaji ni swali jingine, na si dogo, kwa kuwa virusi hivi hutafutwa sasa kama tiba dhidi ya bakteria sugu.

Kusoma jenomu hakutoshi kwa tiba hiyo. Bakteriofaji aitwaye crAssphage alitambuliwa kwa kompyuta mwaka 2014, lakini jamaa yake wa kwanza alioteshwa maabara mwaka 2018, alipopatikana mwenyeji wake, Bacteroides intestinalis. Kwa virusi vya Eyasi, kazi kama hiyo inahitaji kinyesi kibichi, vyombo visivyoingiza oksijeni, na maabara isiyo mbali na kambi.