Tununue Kasha Gani la Diski?

Zamani kumbukumbu za nyumba nyingi za mkoa wetu zilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mlikuwa na cheti cha ubatizo, hati ya shamba, picha ya harusi na barua za mtoto aliyekwenda kusoma mbali. Leo sanduku hilo limehamia ndani ya simu na kompyuta. Simu hujaa, flashi hupotea, kompyuta huzeeka, na mwenye nyumba anapokwenda dukani kuomba shauri huonyeshwa kasha la nje lenye nafasi za diski mbili, nne au tano, linalounganishwa na kompyuta kwa waya mmoja. Huambiwa kwamba akilinunua hilo atalala usingizi.

Kasha hilo si kitu cha bei ndogo, na diski zenyewe mara nyingi huuzwa mbali. Kwa hiyo twaona inafaa tuseme neno kabla fedha hazijatoka mfukoni. Tuna sababu ya kulisema.

Mwenzetu mmoja katika chumba hiki cha habari, mkazi wa Musoma, alinunua kasha la diski nne. Akatia humo picha zote za jamaa yake, na pamoja nazo saa kadhaa za sauti ya bibi yake akisimulia kwa Kijita habari za ukoo: nani alihamia wapi, nani alimwoa nani, na mpaka wa shamba ulipita kwenye mti gani. Bibi alifariki. Mwaka uliofuata, baada ya usiku mmoja wa radi, kasha halikuwaka tena. Fundi alizitoa diski zote nne akazikuta nzima, zinazunguka vizuri. Lakini kila alipochomeka moja katika kompyuta, kompyuta ilidai diski hiyo ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe kabisa ianze upya. Mwenzetu alibakiwa na kidole juu ya kitufe.

Ilikuwaje diski zikawa hai na sauti ikawa haisikiki? Kasha lile lilikuwa limeikata kila habari vipande vipande na kuvitawanya juu ya diski zote nne kwa utaratibu wake lenyewe, na utaratibu huo ulijulikana na kipande kidogo cha elektroniki kilichoungua. Aina ile ya kasha ilikuwa haiuzwi tena. Ilimchukua miezi mitano hadi msafiri mmoja alipomletea kasha kuukuu la aina ile ile kupitia Sirari. Sauti ikapatikana. Laiti angebonyeza kitufe siku ile, isingepatikana.

Basi swali la kwanza la kumwuliza mwuza duka si kasha linachukua diski ngapi, wala lina mwendo gani. Ni hili: kasha likifa, je, diski yangu itasomeka ndani ya kifaa kingine cha kawaida? Swali hili halihitaji majibu ya maneno. Linaweza kujaribiwa pale pale kaunta. Tia diski moja katika kasha, nakili picha kumi, zima, itoe diski hiyo, kisha uichomeke katika kasha jingine rahisi la kampuni nyingine au ndani ya kompyuta ya mezani. Picha zikifunguka, ni vema. Kompyuta ikidai kufomati, rudisha kasha hilo juu ya rafu. Yako makasha ambayo hata yakiwa na diski moja tu huiandika kwa vipimo vyake, au huifunga kwa msimbo ambao ufunguo wake umo ndani ya kasha lenyewe. Mnunuzi haoni dalili yoyote kwa nje. Mwuza duka akikataa jaribio hili, naye ametoa jibu.

Tueleze sasa mipango ambayo makasha haya hutangaziwa. Jina lake la jumla ni RAID. Chukua diski mbili za terabaiti 4 kila moja. Mpango wa sifuri huziunganisha ziwe kama diski moja ya terabaiti 8. Ni kubwa na ina mwendo, lakini ikifa moja zimekufa zote mbili. Kwa kumbukumbu za nyumbani mpango huo hatuushauri hata kwa mzaha. Mpango wa kwanza huandika kitu kile kile katika diski zote mbili; mwenye nyumba hupata terabaiti 4 tu, walakini diski moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Mpango wa tano huhitaji diski tatu au zaidi. Diski nne za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 12, na moja yoyote ikifa habari zaweza kujengwa upya kutokana na zile tatu zilizosalia.

Mpango huo wa tano ndio unaosifiwa mno madukani, na kwa nyumba ya Musoma au Bunda ndio tunaoutilia shaka zaidi. Kujenga upya maana yake ni kuzisoma diski zote zilizosalia tangu mwanzo hadi mwisho. Diski ya terabaiti 4 ikisomwa kwa megabaiti 150 kila sekunde yahitaji zaidi ya saa 7 bila kupumzika, na katika kasha dogo la nyumbani kazi hiyo yaweza kupita hapo sana. Muda wote huo umeme usikatike, na diski ya pili, ambayo aghalabu ilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, isichoke. Nani kati yetu atatoa ahadi hiyo?

Isitoshe, nyumba chache sana zinahitaji nafasi kubwa hivyo. Picha ya simu ya megabaiti 4 huingia mara 250,000 katika terabaiti moja. Video hula zaidi, ni kweli; mpiga picha za harusi na mwenye studio ya muziki wana hesabu yao. Kwa jamaa ya kawaida, kasha rahisi la diski mbili, kila diski ikisomeka peke yake, latosha na kubaki. Hata mwendo usimpofushe mtu. Diski inayozunguka haifikishi megabaiti 300 kwa sekunde, na waya wa USB 3 wa gigabiti 5 unaubeba mwendo huo bila taabu. Kulipia zaidi ya hapo ni kununua barabara ya lami kwa ajili ya baiskeli.

Lipo kosa jingine ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Hudhani kwamba diski mbili zinazoandika kitu kile kile ni nakala ya akiba. Sivyo. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, inafutika katika zote mbili kwa dakika hiyo hiyo. Virusi vikiingia kwa flashi ya mgeni, vinaingia kotekote. Ukiandika maneno mapya juu ya ya zamani, ya zamani yamekwenda.

Butiama inatupa mfano mzuri. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, chapa ya kwanza ilitoka mwaka 1963 ikiitwa Julius Caezar. Hakutosheka nayo. Aliipitia tena, na mwaka 1969 ikatoka upya ikiitwa Juliasi Kaizari. Wanafunzi wa lugha leo wanaweza kuziweka chapa mbili kando kwa kando na kuona mtafsiri alibadili mawazo yake wapi. Wanaweza kwa sababu chapa ya 1963 ilikwisha kutawanyika katika maktaba na majumba ya watu, na kusahihisha hakukuifuta. Kama kazi ile ingalikaa katika faili moja ndani ya kasha la diski mbili zinazofuatana, sahihisho la 1969 lingaliiandika juu ya ile ya awali, nasi tungalikuwa na kazi bora zaidi bila ya kujua ilikotoka.

Nakala ya akiba, basi, ni ile iliyokaa mbali na mkono wa anayeandika. Na sisi watu wa ziwa tuongeze: iliyokaa mbali na chombo chenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichojengwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara kikitoka Bugolora. Zaidi ya watu 220 walifariki. Katika siku zile za kwanza viongozi walieleza kwamba ilikuwa vigumu kujua idadi kamili ya waliopanda, kwa kuwa wahudumu na vifaa vilikuwa vimepotea. Hatulitaji jambo hili ili kufufua machungu ya ndugu zetu wa Ukerewe. Twalitaja kwa sababu linaonyesha, kuliko maelezo ya fundi yeyote, kinachotokea pale hesabu ya watu inaposafiri katika chombo kimoja na watu wenyewe na nakala yake haikuachwa nchi kavu.

Kasha la diski nyumbani ni chombo kimoja. Moto ukiingia, zimeungua zote. Mwizi akija hachagui diski; hubeba kasha zima. Ndiyo maana tunasema fedha ambayo mtu angeiongeza ili apate kasha la nafasi nne badala ya mbili ainunulie diski ya tatu, rahisi, isiyokaa nyumbani kwake. Wa Musoma aipeleke kwa ndugu Bunda. Wa Bunda aipeleke Butiama. Wa kisiwani aivushe ng'ambo, na aliye ng'ambo amwekee wa kisiwani ya kwake. Ifungwe kwa neno la siri ili mtoto wa jirani asiifungue, na neno hilo liandikwe kwenye karatasi wanayoijua watu wawili, maana tumeona jamaa wakirithi diski iliyofungwa na marehemu.

Wenzetu wa Rukuba na visiwa vingine wana hesabu ya ziada, nayo ni umeme wa jua. Diski kubwa ya inchi 3.5 huhitaji volti 12 pamoja na volti 5. Inapoanza kuzunguka yaweza kuvuta hata wati 20 kwa sekunde chache, ndipo itulie kwenye wati 5 hadi 10. Diski nne zikiamka kwa pamoja ni mzigo unaoweza kuiangusha inveta ndogo, ingawa makasha yaliyotengenezwa kwa uangalifu huziamsha moja baada ya nyingine. Kwa kuwa adapta ya kasha huandikwa volti 12, wapo watakaoshawishika kuliunga moja kwa moja kwenye betri ya sola. Wasifanye hivyo. Betri hiyo inapochajiwa hupanda kupita volti 14, na kasha halikuahidiwa volti hizo. Kwa kisiwani twashauri diski ndogo za inchi 2.5, zile za kompyuta za mkononi, ambazo hutosheka na volti 5 za waya wa USB. Hazina haja ya adapta wala feni. Na feni, kwa anayeishi kando ya ziwa, ni mlango: usiku wadudu wale wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi hufuata taa, na feni huwavuta ndani ya kasha pamoja na vumbi la mchana. Kasha la bati lisilo na feni, lililowekwa mahali pakavu na kuzimwa kazi inapokwisha, litaishi zaidi. Radi ikianza kunguruma, chomoa waya ukutani. Kubonyeza kitufe cha kuzima hakutoshi. Na diski inayozunguka isisafirishwe mtumbwini kama samaki wakavu. Izimwe, ifungwe katika nguo, na mfuko wa plastiki uwe wa mwisho kwa nje.

Tuna neno pia kwa ndugu zetu watumishi. Si siri kwamba katika kata na vijiji ziko kumbukumbu za umma zinazokaa katika kompyuta binafsi ya mtendaji, zinazokwenda naye nyumbani jioni na kuhama naye anapohamishwa: mihutasari ya mikutano, majina ya kaya, migogoro ya mipaka. Nia mara nyingi ni njema, kwani ofisini hakuna pa kuziweka. Walakini Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazihesabu karatasi za ofisi kuwa mali ya umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamdai anayeshika habari za watu azilinde. Kasha zuri la nyumbani haliondoi wajibu huo. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zikiwanunulia watendaji diski mbili za kawaida kila mmoja, moja ya ofisi ya kijiji na moja ya kukaa makao makuu ya wilaya na kubadilishwa kila mwezi, gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya kesi moja ya mpaka iliyokosa ushahidi.

Mwenzetu wa lile kasha la diski nne amekwisha kuliuza, baada ya kumweleza mnunuzi kisa chote. Sauti ya bibi yake sasa imo katika diski tatu zisizo na ujanja wowote: moja Musoma, moja Bunda kwa dada yake, na moja kwa mjomba kisiwani. Kila mwisho wa mwezi huichomeka ile ya Musoma, akasikiliza dakika chache kuona kama bado inasema, kisha akaizima.