Bima ya maisha ya mtoto: Ni nani atoe idhini?

WAZAZI wengi hukata bima kwa ajili ya watoto wao bila kuuliza swali moja muhimu: maisha yanayowekewa bima ni ya nani?

Katika bima ya elimu, mara nyingi ni maisha ya mzazi. Mzazi akifariki, karo ya mtoto huendelea kulipwa. Mtoto ni mnufaika tu, na idhini yake haihitajiki.

Lakini kuna bima ambayo mambo yamegeuka. Mtoto ndiye anayewekewa bima, na akifariki, pesa humwendea mzazi. Hapo sheria za nchi mbalimbali huuliza: je, mwenye maisha hayo amekubali?

Kwa mtu mzima, jibu ni rahisi: anatia saini au anakataa. Mtoto wa miaka mitatu je? Hajui kusoma, wala hajui kifo ni nini. Na anayetarajiwa kumsemea ndiye huyo huyo atakayepokea pesa.

Hofu ya zamani

Wasiwasi huu haukuanza leo. Uingereza katika karne ya 19, familia maskini zililipa peni chache kila wiki ili zisikose pesa za kuzika watoto. Baadhi ya watu wakahofia kwamba mtoto mgonjwa angeachwa bila huduma kwa tamaa ya malipo hayo. Sheria ya mwaka 1875 kuhusu vyama vya kusaidiana ikaweka kikomo: pauni 6 kwa mtoto wa chini ya miaka 5, na pauni 10 kwa wa chini ya miaka 10.

Leo kila nchi ina njia yake ya kumlinda mtoto.

Ufaransa hairuhusu mtu mwingine kukata bima ya kifo juu ya maisha ya mtoto wa chini ya miaka 12, isipokuwa kwa mambo machache kama gharama za mazishi. Mkataba wa namna hiyo ni batili, na malipo yote hurudishwa. Kuanzia miaka 12, idhini ya mzazi inahitajika, lakini haitoshi. Mtoto mwenyewe pia lazima akubali.

Ujerumani huangalia umri na kiasi cha pesa. Ikiwa bima italipa hata mtoto akifa kabla ya kutimiza miaka 7, na malipo hayo yanazidi gharama za kawaida za mazishi, idhini ya mtoto ni lazima. Mzazi anayenunua bima hiyo hawezi kuitoa kwa niaba yake. Lazima apatikane mtu mwingine wa kumsemea mtoto. Huwezi kuwa mnunuzi kisha ukajipa ruhusa mwenyewe.

Jimbo la New York, Marekani, halisubiri idhini ya mtoto mdogo. Badala yake, kiasi kikubwa cha bima yake hupimwa kwa bima aliyo nayo mzazi mwenyewe: kisizidi robo yake kwa mtoto wa chini ya miaka minne na nusu, na nusu yake hadi miaka 14 na nusu.

Hapa Kenya

Sheria ya bima nchini Kenya inasema bima juu ya maisha ya mtu mwingine ni batili iwapo mnunuzi hana maslahi katika maisha hayo, yaani hakuna anachopoteza mtu huyo akifa. Mzazi, au anayemlea mtoto kwa nafasi ya mzazi, huhesabiwa kuwa na maslahi hayo mtoto akiwa chini ya miaka 18. Baada ya hapo, uzazi pekee hautoshi. Huyo ni mtu mzima. Keti naye mzungumze.

Kabla ya kutia saini, muulize wakala maswali haya:

• Anayewekewa bima ni mimi au ni mtoto? Nionyeshe jina lake kwenye fomu.

• Je, kiasi kitakacholipwa mtoto akifariki kinalingana na gharama za mazishi au kinazidi?

• Mtoto akitimiza miaka 18, bima itakuwa ya nani?

Mweleze mzazi mwenzako pia, hasa kama mmetengana. Bima iliyokatwa kimyakimya juu ya maisha ya mtoto huzua shaka na ugomvi ikija kujulikana msibani. Na mtoto akifika umri wa kuelewa, mwambie, hata kama sheria haikulazimishi.

Mwisho, angalia hali ya nyumba yako. Mtoto akifariki, familia hubaki na majonzi na gharama za mazishi. Anayeleta riziki akifariki, kodi na karo hukosa wa kulipa. Kama pesa zinatosha bima moja tu, anza na yako wewe mzazi.