Kwa nini Iniesta alivua jezi Johannesburg?

Mmetuuliza, nasi tunajibu. Tarehe 11 Julai 2010, dakika ya 116 ya fainali ya Kombe la Dunia, kiungo Andrés Iniesta aliifungia Hispania bao pekee dhidi ya Uholanzi. Alivua jezi, akapewa kadi ya njano. Fulana ya ndani ilimkumbuka rafiki yake Dani Jarque, nahodha wa Espanyol, aliyefariki ghafla Agosti 2009 akiwa na miaka 26. Iniesta amesimulia kwamba wakati ule alikuwa na sonona, msiba ukamzidishia, akasaidiwa na wataalamu. Desemba 2010 mashabiki wa Espanyol, mahasimu wa Barcelona yake, walimshangilia uwanjani kwao. Alistaafu Oktoba 2024.