Siri za wagonjwa zaingia kwenye hesabu za biashara

RUNGWA, Singida: Mwenye zahanati anayetaka kuacha daftari na kununua kompyuta ahesabu gharama moja zaidi: ulinzi wa siri za wagonjwa.

Mgonjwa anayepelekwa Itigi kwa matibabu hufaidika kumbukumbu zake zikimtangulia. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Anayezihifadhi sharti ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kampuni inayozitoa kinyume cha sheria yaweza kutozwa faini hadi Sh. bilioni 5.

Neno la siri moja likitumiwa na wafanyakazi wote, aliyevujisha hatajulikana. Hasara itamrudia mwenye mali.