Dola ya Morgan: Unalipia Mwaka au Unalipia Hali?

Anayeanza kukusanya dola za kale za fedha za Marekani huuliza kwanza: zilitengenezwa ngapi? Swali hilo ndilo linalowaponza wengi. Mwaka 1884 kiwanda cha Carson City, Nevada, kilitoa dola za Morgan zipatazo milioni 1.1, kile cha San Francisco kilitoa milioni 3.2. Ungedhani ya Carson City ndiyo ghali. Wapi! Nyingi zililala kwenye magunia ya Hazina, zikauzwa kwa umma kuanzia 1972, na leo safi isiyowahi kutumika hupatikana kwa mia chache za dola. Za San Francisco ziliingia mitaani zikachakaa. Iliyochakaa utaipata kwa makumi ya dola tu, ila iliyo safi, ya daraja la 65, bei yake ni laki za dola.

Madaraja huanzia 1 hadi 70, na sarafu isiyotumika huanzia 60. PCGS na NGC ndizo kampuni zinazoaminika zaidi: huikagua sarafu na kuifungia ndani ya kikasha cha plastiki chenye namba. Ada, usafirishaji na bima hufika makumi ya dola, hivyo kupeleka Morgan ya kawaida ya 1921 ni hasara. Nunua ambayo imeshapimwa.

Kwa mfuko wa kawaida, mimi ningechukua ya San Francisco ya 1881. Zipo tele, na michoro yake ilitokeza vizuri. Tena ningechukua daraja la 64, si 65. Tofauti ni mikwaruzo michache shavuni mwa mwanamke wa Uhuru aliyechorwa kwenye sarafu, na kuilipia zaidi ni anasa.

Ya San Francisco ya 1893 ni habari nyingine. Zilitengenezwa 100,000 tu, na hata iliyosagika huuzwa kwa maelfu. Ndiyo maana matapeli huchukua ya Philadelphia ya mwaka huohuo wakabandika herufi S, alama ya San Francisco. Shika lensi, tazama T ya neno LIBERTY: ya kweli ina kistari chembamba cha mshazari kilichoinuka juu ya herufi hiyo. Na vikasha pia hughushiwa, kwa hiyo linganisha namba na picha kwenye tovuti ya kampuni.

Iliyosuguliwa iache, hata muuzaji akiapa. Igeuze taratibu chini ya taa: mng'ao wa asili huzunguka kama spoku za baiskeli, ilhali iliyosuguliwa hung'aa palepale.

Asiyetaka vurugu za madaraja anayo reale ya Maria Theresa, iliyotumika Zanzibar, Oman na Uhabeshi. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizotengenezwa karne ya 20, kwa hiyo ya kawaida haiendi mbali na bei ya fedha iliyomo, gramu 23 hivi. Iweke kwenye mizani kabla ya kulipa; isome gramu 28.