Kidonge Kinachotaka Mafuta

"Meza baada ya kula, au na maziwa." Muuguzi anayetoa dawa mseto ya malaria husema hivyo, na mgonjwa aliyekosa hamu ya kula hupuuza. Ni kosa kubwa. Lumefantrini, mmoja wa wabia wawili ndani ya kidonge hicho, huyeyuka kwenye mafuta na kuyakwepa maji. Tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hutoka na choo. Kwa mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu huweza kuongezeka hadi mara 16.

Tabia hiyo ya kupenda mafuta hupimwa kwa kutikisa dawa katika maji na oktanoli, kimiminika chenye hulka ya mafuta, kisha kuangalia imeegemea wapi.

Kupenda mafuta kuna uzito kwa dawa nyingine pia. Mwaka 1899 mwanasayansi Hans Meyer, Ujerumani, na mwaka 1901 Ernest Overton, Uswisi, walionyesha jambo la ajabu kwa kutumia viluwiluwi: kadiri dawa ya nusukaputi inavyopenda mafuta ya zeituni, ndivyo kiasi kidogo kinavyotosha kuwalaza.

Lumefantrini nayo, ikishaingia mwilini, huondoka polepole kwa siku kadhaa, ikimalizia vimelea vilivyosazwa na artemeta, mbia wake anayetoweka ndani ya saa chache.