Kuosha Chupa kwa Profesa

Katika likizo iliyopita mzee mmoja, jirani yetu, alitujia jioni, uso umemkunjamana. Mwanawe yuko universite, mwaka wa tatu, na badala ya kurudi nyumbani kumsaidia baba yake, alibaki kwa profesa akipima ndagala wa ziwa Tanganyika mmoja mmoja, urefu na uzito, na jioni akiosha chupa. “Bwana mwalimu,” akasema mzee, “mimi nalipa masomo ya mtoto. Sikulipa ili awe boyi wa mtu. Profesa atapata sifa. Mwanangu atapata nini?”

Hatukumjibu upesi, maana swali lake si la mpumbavu. Maprofesa wanaowatumia wanafunzi wao kama vibarua wako, nasi tumewaona. Lakini twajua pia ya kuwa iko elimu isiyopatikana katika daftari, ila kwa kusimama kando ya mwalimu mbele ya jambo ambalo mwalimu mwenyewe halijui bado. Tukamkalisha mzee, tukamsimulia habari za dawa ambayo dada yake hujidunga kila siku kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Habari hizo twawaletea nanyi, wasomaji wapendwa.

Mwaka 1869, katika mji wa Berlin, Paul Langerhans alikuwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa udaktari anayemaliza masomo. Alifanya kazi katika nyumba ya uchunguzi ya Rudolf Virchow, mmoja wa mabingwa wakubwa wa uganga wakati ule. Kijana alichunguza kongosho la sungura. Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Wataalamu walijua kwamba hutoa maji ya kuyeyushia chakula, basi. Langerhans akatazama kwa hadubini, akaona katikati ya chembe zilizojulikana vikundi vidogo vya chembe za namna nyingine, vimetawanyika huku na huku. Katika tasnifu yake alieleza vizuri alichokiona, kisha akakiri waziwazi kwamba hajui kazi ya chembe hizo.

Sisi walimu, ambao mara nyingi twamkemea mtoto anayejibu “sijui”, ingefaa tulifikirie jambo hili. Langerhans angaliweza kubuni maelezo mazuri ili kuwapendeza wakubwa wake. Hakubuni. Alikufa mwaka 1888 katika kisiwa cha Madeira, asijue thamani ya alichokiona. Mwaka uliofuata, huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho lake, na mbwa akashikwa na kisukari. Mwaka 1893 Mfaransa Laguesse akaviita vile vikundi visiwa vya Langerhans. Wasomaji waliosoma Kilatini pamoja nasi wanakumbuka kwamba kisiwa ni insula. Ndiko lilikotoka jina la insulini.

Lakini dawa ilikuwa mbali bado. Siku zile mtoto aliyepatwa na kisukari kikali alikuwa amehukumiwa. Waganga hawakuwa na la kufanya ila kumnyima chakula, ili aishi miezi michache zaidi, naye akakonda hata mifupa ikahesabika.

Ndipo mwaka 1920, huko Kanada, daktari mpasuaji kijana, Frederick Banting, alipopata wazo. Ukifunga mifereji ya kongosho, aliwaza, zile chembe za maji ya chakula zitakufa, na visiwa vitabaki. Labda hapo twaweza kupata kile kinachozuia sukari. Akalipeleka wazo lake kwa profesa J. J. R. Macleod wa chuo kikuu cha Toronto. Macleod alikuwa na mashaka, kwa sababu Banting hakuwa mzoefu wa uchunguzi. Hata hivyo alimpa chumba, mbwa wa kufanyia majaribio, na msaidizi kwa miezi ya kiangazi ya mwaka 1921.

Msaidizi huyo alitoka kwa wanafunzi. Walikuwa wawili, Charles Best na Clark Noble, waliokuwa wakimaliza mwaka wa nne. Yasemwa walirusha sarafu ili kujua nani aanze, na Best akashinda. Noble alikuwa apokee zamu katikati ya kiangazi, lakini ilipofika, Best alikuwa amekwisha kuizoea kazi, wakapatana aendelee. Best alikuwa na miaka 22. Shangazi yake alikuwa amekufa kwa kisukari.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi hawalifikiri. Banting alijua kupasua. Lakini kupima sukari katika damu na katika mkojo, kazi ya matone machache na hesabu kali, Best ndiye aliyeijua. Mwanafunzi alijua kitu ambacho daktari hakukijua. Wala si kwamba kijana huyo hakuwa na kosa. Banting alisimulia baadaye jinsi siku moja, mnamo Juni, alivyokuta vipimo havina uangalifu na vyombo ni vichafu, akamkaripia Best kwa maneno mazito. Kijana akamwaga maji yote ya dawa, akaosha vyombo usiku kucha, akaanza upya. Tangu hapo, alisema Banting, walielewana. Kwa maana chupa chafu hudanganya: uchafu mdogo kama punje ya chumvi waweza kuigeuza hesabu, na wiki nzima ya kazi ikapotea. Basi mzee wetu aliyedhani kuosha chupa ni kazi ya boyi hakujua chupa hizo hubeba nini.

Macleod alisafiri kwenda Scotland katikati ya Juni, akarudi Septemba. Mbwa wengi walikufa. Banting hakulipwa mshahara, akauza motokari yake. Tarehe 30 Julai walimdunga mbwa mwenye namba 410 maji yaliyotolewa katika kongosho. Katika muda wa saa moja sukari ya damu yake ikashuka kutoka 0.20 hadi 0.12 kwa mia. Keshoye mbwa alikufa, lakini hesabu ilikuwa imeandikwa katika daftari.

Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi katika hospitali ya Toronto. Dawa ilikuwa na takataka bado, haikumfaa. James Collip, mtaalamu aliyeongezwa kazini mwezi wa Desemba, akaisafisha. Tarehe 23 mtoto akadungwa tena, na sukari ikashuka. Leonard aliishi miaka 13 zaidi.

Je, sifa ilikwenda kwa nani? Maandiko makubwa ya kwanza yalipochapwa Februari 1922, yalikuwa na majina mawili, Banting na Best. Macleod hakutia lake. Yule mwanafunzi jina lake lilisimama kando ya jina la daktari, mbele ya ulimwengu. Lakini mwaka 1923 tuzo ya Nobel walipewa Banting na Macleod. Banting alikasirika sana, akampa Best nusu ya fedha zake. Macleod naye akagawana na Collip. Ugomvi juu ya nani alistahili nini uliendelea miaka mingi, nasi hatupendi kuuhukumu upesi: pasipo chumba cha Macleod wasingalikuwa na mahali pa kuanzia. Noble, aliyekosa zamu yake, jina lake limo katika maandiko ya mwaka 1922 juu ya insulini na sungura. Best alikuwa profesa mahali pa Macleod mwaka 1929.

Baadaye vyuo vingine vilifanya utaratibu wa jambo hili, lisitegemee sarafu. Huko Marekani, chuo cha MIT kilianza mwaka 1969, kwa juhudi ya Margaret MacVicar, kuwapa wanafunzi wasiomaliza shahada ya kwanza nafasi katika uchunguzi wa maprofesa, kwa malipo au kwa kuhesabiwa katika masomo yao. Kwetu mwanafunzi huandika kazi ya mwisho wa masomo chini ya mwalimu anayemwongoza. Lakini ni wangapi humwona mwalimu huyo mara mbili tu, kisha wakanakili kazi ya kaka zao? Yule anayewapima ndagala likizo nzima yuko mbali sana nao.

Mzee alitusikiliza bila kutukatiza. Alipoinuka kwenda zake akauliza neno moja tu: “Na hao ndagala, bwana mwalimu, wakiandikiwa kitabu, jina la mwanangu litakuwamo?”

Tulimwambia hatujui, na kwamba hilo ndilo la kumwuliza profesa. Jumamosi tulikwenda naye. Profesa alifungua daftari kubwa, akatuonyesha safu za hesabu, na kila ukurasa chini yake jina la kijana kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe. Juu ya kitabu alisema wataandika wawili. Mzee akamwomba ayaseme maneno hayo tena, mbele ya mwanawe.